Carl Mays na ule mupira mumoja wa 1920



Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za mupira wa miguu. Leo ninawaletea mutu wa muchezo mwingine, beisboli, unaopendwa sana kule Marekani na Japani, na ambao wengi wetu hatujauona hata mara moja. Mutu mwenyewe anaitwa Carl Mays. Kazi yake ilikuwa kutupa mupira, na alilipwa feza juu ya kutupa. Katika ligi kubwa ya Marekani alishinda michezo 207. Lakini leo ukitaja jina lake mbele ya watu wanaojua beisboli, hawakumbuki hata mumoja wa ile michezo. Wanakumbuka mupira mumoja tu, ule uliomuua mwenzake.

Wengine walimwita muuaji. Wengine walisema ni ajali. Zaidi ya miaka mia moja imepita na watu wangali wanabishana. Niliona vema tuchunguze maneno yake pole pole, kwa sababu ni maneno yanayotugusa sisi pia: mutu akileta mabaya bila kukusudia, ni nini inayofanya watu wamuhurumie ao wamuhukumu?

1. MUCHEZO WENYEWE

Kwanza tuelewe muchezo, maana bila hiyo hatutaelewa kitu. Mutupaji anasimama mbali na mupigaji karibu mita 18 na nusu. Mupigaji anashika fimbo kubwa ya muti kwa mikono miwili. Chini, pembeni yake, kuko kibao cheupe. Mutupaji anapashwa kupitisha mupira juu ya kile kibao, usipite chini sana wala juu sana, na mupigaji anajaribu kuupiga na fimbo. Nyuma ya mupigaji kuko mudakaji, na nyuma yake arbitri.

Mupira wa beisboli ni mudogo, unaenea katika mukono wa mutu mumoja. Uzito wake ni karibu gramu 145. Lakini msizani ni kitu laini! Ndani kuko uzi uliozungushwa na kukazwa sana, na juu kuko ngozi iliyoshonwa. Ukitupwa na mutu wa nguvu, unafika kwa mupigaji kwa nusu ya sekunde ao hata pungufu. Kwa ile nusu ya sekunde mupigaji anapashwa kuona, kufikiri na kuamua.

Sasa, kuko akili moja ya watupaji. Mupigaji akisogelea sana kibao, mutupaji anatupa karibu na mwili wake kusudi aogope na kurudi nyuma. Sheria haikatazi kutupa karibu. Inakataza kumupiga mutu kwa kusudi. Lakini kusudi ya mutu inakaa ndani ya moyo wake, na arbitri hawezi kuiona. Shikeni neno hili, tutarudi kwake.

2. CARL MAYS ALIKUWA NANI?

Mays alizaliwa katika jimbo la Kentucky mwaka wa 1891. Baba yake alikuwa muhubiri wa Metodisti, na alikufa wakati Carl alikuwa mutoto wa karibu miaka 12. Kwa hiyo si mutu aliyekomea bila mafundisho. Mwaka wa 1915 aliingia timu ya Boston Red Sox.

Namna yake ya kutupa ilikuwa ya ajabu. Watupaji wengi wanatupa mukono ukitoka juu ya bega. Mays aliinama na kushusha mukono mpaka karibu na udongo, na mupira ulitoka chini na kupanda juu. Wapigaji hawakuupenda hata kidogo, kwa sababu ulikuwa vigumu kuuona ukitoka na vigumu kujua unakwenda wapi.

Alikuwa na uwezo mukubwa. Mwaka wa 1918 alishinda michezo 21, na Boston ilipochukua ubingwa mwaka ule, ni yeye aliyeshinda muchezo wa mwisho. Lakini wachezaji wenzake hawakumupenda. Alikuwa mutu wa hasira na wa maneno makali. Mutu wa timu yake akikosa kudaka mupira, Mays alimukaripia mbele ya watu wote. Tena alikuwa na sifa ya kutupa karibu na vichwa vya watu. Mwaka wa 1915 aligombana na Ty Cobb wa Detroit, mupigaji mukubwa kupita wote wa wakati ule. Cobb aliona Mays anatafuta kumuumiza, na alimutupia fimbo yake. Mwaka wa 1919, kule Philadelphia, watazamaji walimuchokoza, na Mays akatupa mupira katikati yao, ukampiga mutu mumoja ku kichwa. Alitozwa dola 100.

Mwaka ule ule wa 1919, katika mwezi wa saba, aliondoka katikati ya muchezo kule Chicago na kuacha timu yake ya Boston. Kisha kidogo Boston ikamuuzisha kwa New York Yankees. Mukubwa wa ligi, Ban Johnson, alitaka kumufungia asicheze, kwa maana mutu hawezi kuacha kazi namna ile na kupata zawadi ya kwenda timu ingine. Yankees walikwenda tribinali na kushinda. Wenye timu waligawanyika juu ya mutu mumoja.

Kwa hiyo, mbele ya mwaka wa 1920 kufika, Mays alikuwa amejaza jina lake na mambo mabaya kidogo kidogo, kama mutu anayejaza kibaba.

3. SIKU YA 16 MWEZI WA NANE 1920

Siku ile Yankees walicheza na Cleveland katika kiwanja cha Polo Grounds, New York. Timu zote mbili zilikuwa zinatafuta ubingwa, basi muchezo ulikuwa mukali. Mbingu ilikuwa na mawingu. Cleveland walikuwa mbele.

Katika kipindi cha tano aliingia kupiga Ray Chapman. Yeye vilevile alizaliwa Kentucky, mwaka wa 1891, kama Mays. Lakini katika mambo mengine hawakufanana. Chapman alikuwa mutu wa furaha, muimbaji, rafiki wa kila mutu, hata wachezaji wa timu zingine walimupenda. Alikuwa ameoa mbele ya mwaka kutimia, na bibi yake alikuwa na mimba. Katika kupiga, Chapman alikuwa na desturi ya kuinama na kusogeza kichwa karibu na kibao.

Mays akatupa. Mupira ulikwenda juu, kwa upande wa ndani. Chapman hakusogea hata kidogo. Watu walizani hakuuona kabisa. Ulimupiga ku kichwa upande wa kushoto, na sauti ilikuwa kubwa hata Mays alifikiri mupira umepiga fimbo. Aliuokota uliporudi kwake na kuutupa kwa mwenzake, akizani muchezo unaendelea.

Arbitri aliita munganga. Chapman alisimama, akatembea kidogo akisaidiwa, kisha miguu ikamukatalia. Walimupeleka hospitali, wakamupasua usiku. Asubui ya tarehe 17, mbele jua halijatoka, akafariki. Alikuwa na miaka 29. Mutoto wake wa kike alizaliwa mwaka uliofuata, bila kumuona baba.

4. HUKUMU MBILI

Mays alipata hukumu mbili, na hazikupatana.

Ya kwanza ni ya leta. Mays mwenyewe alikwenda kutoa ushuhuda wake kwa ofisi ya prokirere wa New York. Walichunguza na kusema ni ajali, hakuna sababu ya kumushitaki. Mambo yakaisha kwa siku mbili tatu. Hata Tris Speaker, aliyeongoza timu ya Cleveland na kuwa rafiki mukubwa wa marehemu, hakumuwekea Mays lawama.

Ya pili ni ya watu, na hiyo haikuisha mpaka alipokufa. Wachezaji wa timu mbalimbali walianza kusema hawatacheza tena muchezo ambao Mays anatupa. Watu waliandika, watu walipiga kelele. Kwa nini? Je, walikuwa na ushuhuda mupya? Hapana. Walikuwa na zile habari za zamani: ugomvi na Cobb, yule mutazamaji wa Philadelphia, namna alivyoacha timu yake. Kila neno la zamani lilikuja kusimama kama mushuhuda.

Na Mays hakujisaidia. Alisema kosa ni ya mupira, kwamba ulikuwa na alama juu ya ngozi na arbitri alipashwa kuutosha. Basi maarbitri wawili wakajibu kwa hasira kwamba hakuna mutupaji katika ligi aliyeharibu mipira kwa kusudi kumupita Mays. Hakwenda kuuona mwili wa marehemu, wala hakufika ku maziko kule Cleveland, ambako watu elfu na elfu walilia. Wengine wanasema hakuweza kwa sababu ya huzuni. Wengine wanasema moyo wake ulikuwa jiwe. Tarehe 23, siku saba kisha ule muchezo, alirudi kutupa na kushinda Detroit 10 kwa 0.

Tufikiri hapa. Kama angekuwa Chapman aliyetupa, na Mays aliyekufa, watu wangesema nini? Ninazani wangesema: maskini Chapman, ataishi namna gani na huzuni ile! Mupira ni ule ule, kichwa ni kile kile, kifo ni kile kile. Kinachobadilika ni jina la mutu tu. Kwetu watu wanasema mutu akizoea kuiba kuku, hata yai likipotea ni yeye.

5. SABABU ZILIZOSAHAULIWA

Sasa tunafika ku sehemu ninayoona kuwa kubwa kupita zote. Wakati watu walikuwa wanabishana juu ya moyo wa Mays, kulikuwa sababu zingine zilizokuwa wazi mbele ya macho.

Ya kwanza ni uchafu wa mupira. Wakati ule mupira mumoja ulichezewa muda murefu. Watupaji waliupaka mate, udongo, hata mate ya tumbako, mpaka ukakuwa wa rangi ya udongo. Katika mawingu ao jioni, mupira wa namna ile hauonekani vizuri. Maarbitri hawakuubadilisha mara kwa mara, kwa sababu wenye timu walilalamika juu ya feza ya kununua mipira.

Ya pili ni kichwa wazi. Wapigaji walivaa kofia ya kitambaa tu. Si kwamba hakuna mutu aliyefikiri juu ya kinga. Mwaka wa 1907, miaka 13 mbele ya Chapman kufa, mudakaji Roger Bresnahan wa New York Giants alipigwa ku kichwa, na kisha akajaribu kuvaa kinga ya ngozi yenye kujazwa hewa. Watu hawakuifuata.

Ya tatu ni desturi yenyewe ya muchezo. Kutupa karibu na mutu kulihesabiwa kuwa ushujaa. Mays alizidisha, ndiyo, lakini hakuwa peke yake.

Nyuma ya kifo cha Chapman, jambo la mupira lilitengenezwa upesi: maarbitri walianza kutosha mipira michafu na kuleta mipya. Hapa kuko kosa moja watu wanaloandika mara kwa mara. Wanasema kupaka mupira mate kulikatazwa juu ya kifo cha Chapman. Si kweli. Ile sheria ilikatwa mwezi wa pili 1920, miezi sita mbele ya kifo, na watupaji 17 waliruhusiwa kuendelea mpaka mwisho wa kazi yao. Wa mwisho wao, Burleigh Grimes, aliacha mwaka wa 1934.

Lakini kaske? Kaske ilichelewa sana. Ligi moja ililazimisha wapigaji kuvaa kinga ya kichwa mwaka wa 1956, na ya pili mwaka wa 1958. Kaske kamili kwa wachezaji wote wapya ilikuwa sheria mwaka wa 1971. Na wale wa zamani waliachiwa, hata Bob Montgomery wa Boston alicheza bila kaske mpaka mwaka wa 1979. Hesabuni wenyewe: toka 1920 mpaka 1956 ni miaka 36. Katika ile miaka wapigaji wengi walisimama na kichwa wazi mbele ya mupira mugumu, na wengine waliumizwa vibaya. Watu walikuwa wamekwisha kupata mwenye kosa, basi hawakuona haraka ya kuondoa hatari.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Kwetu mutu akifa, mara nyingi swali la kwanza ku kilio ni: nani? Nani alimuchukia, nani aligombana naye wiki iliyopita? Mara kidogo tunauliza: nini? Maji aliyokunywa yalitoka wapi? Chandarua kilikuwa na tundu? Mutu mukali wa kijiji anachukua lawama, na kisima kichafu kinabaki pale pale kinangojea mutoto mwingine.

6. MIAKA ILIYOFUATA

Mays hakuacha. Mwaka ule wa 1920 alimaliza na ushindi 26, na Cleveland, wakilia ndugu yao, walichukua ubingwa. Mwaka wa 1921 Mays alishinda 27. Lakini jina mbaya lilimufuata. Katika mashindano ya mwisho ya 1921 alipoteza michezo miwili, na watu wakanong'ona kwamba alipokea feza kusudi ashindwe. Uchunguzi ulifanywa, hakuna ushuhuda uliopatikana. Hata hivyo, manong'ono yalibaki. Mwongozi wake, Miller Huggins, hakumupenda, na mwaka wa 1923 alimutumia mara kidogo tu. Aliuzishwa kwa Cincinnati, na kule katika mwaka wa 1924 akashinda tena 20. Alimaliza katika ligi kubwa mwaka wa 1929: ushindi 207, kushindwa 126.

Wamarekani wako na nyumba ya heshima ya beisboli, kule Cooperstown. Mays hakuingia. Mutupaji mwingine wa wakati wake, Rube Marquard, alishinda 201 na kushindwa 177, kusema hesabu yake ni zaifu kuliko ya Mays. Marquard alichaguliwa mwaka wa 1971. Mwaka ule ule, mwezi wa nne, Mays alikufa kule California, muzee wa miaka 79. Mwezi wa kumi na mbili 2008 kamati iliangalia tena jina lake pamoja na ya wengine tisa wa zamani, na ikamupita.

Mpaka mwisho Mays alisema hakukusudia, na alilalamika kwamba watu wamesahau kazi yake yote na kushika mupira mumoja. Mpaka leo hakuna mupigaji mwingine wa ligi kubwa aliyekufa juu ya kupigwa na mupira wa kutupwa.

7. TUJIFUNZE NINI?

Wengine watasema: unamutetea mutu mubaya. Hapana. Maoni yangu ni haya.

Kwanza, hakuna mutu aliyehakikisha kwamba Mays alitaka kumuua ao hata kumupiga Chapman. Kumwita muuaji ni kusema kitu usichokijua, na sisi tuliofundishwa tusimushuhudie jirani uongo tunajua uzito wake.

Pili, Mays hakuonewa bure. Mutu akitupa karibu na vichwa kwa miaka mitano, asishangae siku moja watu wakikataa kuamini kwamba safari hii hakukusudia. Heshima ni kama feza tunayoweka kidogo kidogo. Siku ya ajali ndiyo siku ya kwenda kuichukua, na yeye alikuta hakuna kitu.

Tatu, na hili ninalisema kwa wenzangu wote na kwangu mwenyewe. Kazi yangu ya mukubwa wa wanafunzi ni pamoja na kuandika majina ya wenye makosa na kuyapeleka ku ofisi. Kioo kikivunjika ku bweni, majina matatu manne yanakuja ku midomo ya watu mbele hata vipande havijaokotwa, na sikuzote ni yale yale matatu manne. Pengine ni wao. Pengine ni dirisha lisilo na kifungio, linalopigwa na upepo kila usiku. Tukiandika jina na kuacha dirisha, wiki ijayo tutaandika jina lingine.

Basi, wapendwa, ninaomba tuzoee kuuliza maswali mawili kwa mpango. La kwanza: nini kilifanya jambo hili liwezekane? Tutengeneze kile kwanza, upesi, bila kungoja mabishano kuisha. La pili: nani? Na hapo tuseme tu kile tulichokiona na macho. Na yule mwenye jina mbaya kati yetu, ajue kwamba bado iko na wakati wa kulitengeneza mbele ya siku yake ya taabu kufika.

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita